Maji Yaliyogoma Kutoa Povu

Mama Beseni alikuwa dobi, na dobi wa kweli huamka kabla uchafu haujaamka. Kila asubuhi alitoka uani na mabeseni yake matatu, akayapanga kwa ukubwa kama wanafunzi kwenye gwaride, kisha akayakagua. La kwanza lilikuwa la kuloweka, la pili la kufulia, la tatu la kusuuzia. Hakuna beseni lililoruhusiwa kufanya kazi ya mwenzake. Sheria ilikuwa sheria.

Sheria kubwa kuliko zote ilihusu povu. "Nguo haijafuliwa," alipenda kusema, "mpaka povu lifike kwenye kiwiko." Sheria hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi, naye dobi, tangu walipokuwa wakiishi mlimani. Huko walichota maji ya mto. Maji yale yalikuwa na adabu. Ukiyaonyesha sabuni kwa mbali tu, yanatoa povu.

Lakini sasa waliishi mjini, kando ya bahari. Walihamia miezi mitatu iliyopita, mumewe alipopata kibanda cha kutengenezea saa. Watu walimwita Fundi Saa. Nyumba waliyopanga ilikuwa na bomba lake uani. Ukilifungua, maji yanatoka, tena maangavu kabisa. Mama mkwe wake, mama wa Fundi Saa, aliyekuwa akiishi nao, alilipenda bomba lile kuliko baadhi ya ndugu zake.

"Maji haya yanaonekana mpaka chini ya ndoo," alisema kila siku. "Hayana siri."

Kumbe yalikuwa nayo.

Kazi kubwa ya Mama Beseni mjini ilikuwa makoti ya wauguzi wa zahanati. Yalikuwa kumi na mawili, yote meupe. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mumewe na mama mkwe, kwa sababu saa za watu wa mji ule zilikuwa nzima kuliko Fundi Saa alivyotarajia. Mwezi wa kwanza makoti yalikuwa meupe. Mwezi wa pili yalikuwa meupe ukiyatazama kwa huruma. Mwezi wa tatu yalifanana na jivu lililonyeshewa, na yalikauka yakawa magumu kama maboksi.

Jumanne, msimamizi wa wauguzi alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wa maneno machache. Aliweka furushi la makoti yote mezani, akatandaza moja juu yake.

"Dobi, hili ni jeupe?"

"Ni jeupe, sista," alisema Mama Beseni, akitazama dari.

"Jana mgonjwa aliniuliza kama tunapika huku tukitibu."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni kwa heshima zote, alikohoa ili asicheke.

"Sipendi kubadilisha dobi," alisema msimamizi. "Unafika kwa wakati, na hujapoteza hata kifungo. Lakini mgonjwa akiona koti la kijivu, anaanza kuogopa hata dawa. Nakupa mpaka Ijumaa. Yasipotakata, itabidi nimtafute mwingine."

Akaondoka. Makoti kumi na mawili yakabaki mezani, yamelala kimya kama yenye hatia.

Mama Beseni alifanya kile ambacho angefanya jemadari yeyote anayeshindwa vita. Aliongeza silaha. Badala ya kipande kimoja cha sabuni, alikwangua viwili. Povu halikuja. Akakwangua cha tatu. Juu ya maji pakatanda utando wa kijivu, kama maziwa yaliyoharibika. Akatia cha nne. Utando ukawa mzito zaidi, ukang'ang'ania mikono yake na kuta za beseni. Povu halikufika kwenye kiwiko. Halikufika hata kwenye pete.

"Nimeibiwa," alisema Mama Beseni. "Hii si sabuni. Huu ni unga wa muhogo."

Akachukua kipande cha mwisho, akajifunga kanga kiunoni, akaenda dukani kwa Mizani.

Mizani alikuwa muuza duka wa mtaa ule. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu hata punje ya mchele, na alipenda watu walijue hilo. Dukani palikuwa na wateja watano. Mama Beseni aliwasalimia vizuri wote, kisha akaanza.

"Kaka Mizani, sabuni yako ni ya uongo. Nimetia vipande vinne, na povu ninaliona ndotoni tu. Unauza vitu vya kutuharibia kazi, na umekaa hapo na mizani yako kama mtu wa haki."

Wateja walisogea karibu. Ugomvi mzuri hauji kila siku.

Mizani hakupandisha sauti. Alimwomba kipande kile cha sabuni. Akaingia nyuma ya duka, akarudi na maji kwenye bakuli. Akaitia sabuni, akasugua mara tatu. Povu likapanda, likajaa, likamwagika kwenye kaunta kama wali unaochemka.

"Sabuni ni hiyo hiyo yako," alisema. "Labda mikono ndiyo imechoka, dada."

Wateja wakacheka. Mama Beseni alirudi nyumbani haraka, bila kuaga.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi Saa alikuwa mtu wa kufikiri polepole na kwa mpangilio.

"Sabuni ni ile ile," alisema. "Mikono yako naijua, haina kasoro. Basi kosa ni la maji. Yana uchafu mdogo sana. Tuyachuje."

Akaleta kitambaa chake laini kuliko vyote, kile cha kufutia vioo vya saa. Asubuhi ya Jumatano walichuja ndoo nzima ya maji. Wakachuja tena. Walichuja mara saba, mama mkwe akihesabu kwa sauti kama refa. Mwishowe Fundi Saa aliinua bilauri ya maji kwenye mwanga, akaitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama tumbo la saa.

"Sasa haya," alisema, "yamenyooka."

Mama Beseni akatia sabuni. Utando wa kijivu ukarudi, mnene kama jana.

"Labda yalihitaji mara nane," alisema mama mkwe.

Wakati huo huo mlango wa uani uligongwa. Aliingia mwanamke kijana, mwenye mkoba begani uliojaa chupa ndogo. Alikuwa mpima maji wa ofisi ya maji. Alizunguka mitaani akichota maji ya mabomba na kuyapeleka maabara. Watu walimwita Chupa, na yeye aliitikia bila kinyongo.

"Hamjambo humu ndani? Nimekuja kuchota maji ya bomba lenu kidogo, niyapime."

"Chukua yote, mwanangu," alisema Mama Beseni. "Usiniachie hata tone."

Chupa aliona ndoo, kitambaa, utando na makoti ya kijivu. Akaweka mkoba chini.

"Dada, maji yamekukosea nini?"

Mama Beseni akamweleza yote, tangu koti la kwanza hadi mchujo wa saba. Chupa alisikiliza bila kucheka, ingawa kwenye mchujo wa saba alilazimika kutazama ukutani.

"Kaka," alimwambia Fundi Saa, "chai yako ukishaitia sukari na kukoroga, ukiichuja kwa kitambaa hiki, sukari itabaki juu?"

Fundi Saa akafikiri. "Itapita. Imeshayeyuka."

"Basi na humu pia kuna kitu kilichoyeyuka. Ukichuja mara mia, kinapita mara mia. Niruhusuni niwaonyeshe."

Akatoa chupa tatu zinazolingana. Ya kwanza akaitia maji ya bomba. Ya pili akaitia maji ya Fundi Saa yaliyochujwa. Ya tatu ilikuwa tayari na maji.

"Haya nimeyachota sasa hivi dukani kwa Mizani. Ana tangi la maji ya mvua nyuma ya duka, naye aliniomba niyapime."

Mama Beseni alikumbuka bakuli lililomwagika povu kwenye kaunta.

Chupa aliyeyusha sabuni kidogo kwenye kikombe. Akatia matone kumi katika kila chupa, akazifunga, akampa kila mtu yake. "Tikiseni."

Walitikisa. Mama mkwe alitikisa kwa nguvu zaidi, mpaka kilemba kikahama. Chupa ya bomba ilitoa utando tu. Ya maji yaliyochujwa vile vile. Ya maji ya mvua, ambayo ilikuwa mikononi mwa mama mkwe, ilijaa povu hadi shingoni.

"Nimeshinda," alisema mama mkwe.

"Maji ya mvua ni laini," alisema Chupa. "Ya bomba hili ni magumu. Yanatoka kwenye kisima kirefu. Chini ya mji huu kuna mawe ya chokaa. Maji yanapopita humo miaka na miaka, yanayeyusha madini ya mawe hayo na kuyabeba. Huyaoni, lakini yamo. Sasa ukitia sabuni, madini yanaikamata kwanza. Sabuni na madini vinashikana, vinakuwa utando huu. Ile sabuni haijauona hata uchafu wa koti."

"Ndiyo maana nikaongeza," alisema Mama Beseni.

"Na ulipoongeza ukapata utando zaidi. Utando ukaganda kwenye nyuzi za nguo. Koti likawa la kijivu na gumu. Dada, huu si uchafu wa wauguzi. Ni sabuni yako ya miezi mitatu."

Mama Beseni alikaa juu ya beseni lililogeuzwa. Miezi mitatu alikuwa akiyapaka makoti uchafu kwa bidii, tena kwa kuamka mapema.

Mama mkwe alikuwa na swali lake. "Na birika langu? Ndani limeota meno meupe. Huyu mkwe wangu anasema silioshi."

"Ni madini hayo hayo, mama. Ukichemsha maji magumu, sehemu ya madini inajitenga na kuganda kwenye birika. Tia siki na maji kidogo, au maji ya ndimu, uchemshe, uache yapoe, kisha usugue na kusuuza vizuri. Yatatoka."

"Kwa hiyo siku zote hizi tunakunywa mawe."

"Mawe yaliyoyeyuka, na hayawadhuru. Mwili wenyewe unahitaji madini ya aina hiyo. Yamo hata kwenye mifupa."

"Ndiyo maana goti langu linauma."

"Goti lako lina sababu zake, mama," alisema Chupa kwa heshima. "Lakini hebu niulize. Maji ya kunywa mnayachemsha?"

Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa. Haikuwa na kifuniko. Kikombe kimoja kilielea juu yake, na kila mtu alikitumbukiza pamoja na vidole vyake.

"Yanaonekana mpaka chini," alisema mama mkwe, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Vijidudu vya kuharisha havionekani, mama. Maji yanaweza kuwa maangavu na yakawa navyo. Ugumu ni jambo moja, usalama ni jambo jingine. Bomba linaweza kupasuka njiani, uchafu ukaingia. Mkono unaweza kuuleta hapa hapa nyumbani. Chemsheni mpaka yatokote kweli kweli. Yakipoa, yawekeni kwenye chombo kisafi chenye kifuniko. Choteni kwa kata yenye mpini mrefu, vidole visiguse maji. Au tumieni dawa ya kutibu maji, mkifuata maelezo ya kwenye pakiti."

"Basi tunywe haya ya mvua," alisema mama mkwe, akiikumbatia chupa yake ya ushindi. "Haya ni laini."

"Laini kwa sabuni, mama. Lakini mvua imepita juu ya paa, na paa ni choo cha ndege. Mizani huyaacha maji ya mvua ya kwanza yamwagike ili yasafishe paa. Tangi lake lina wavu na kifuniko. Hata hivyo ya kunywa anayachemsha."

Mama mkwe akairudisha chupa mezani.

"Na siku mkionja chumvi kwenye bomba," aliongeza Chupa, "njooni ofisini mara moja. Huku karibu na bahari, visima vikivutwa sana, maji ya bahari huweza kuingia. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha."

Mama Beseni alikuwa akiyatazama makoti. "Mwanangu, nimeelewa. Lakini Ijumaa ni keshokutwa."

Chupa akakunja mikono ya shati. "Tutayavua hiyo sabuni kwanza. Yaloweke kwenye maji ya moto na magadi ya kufulia. Usitie sabuni hata kidogo. Magadi yanayakamata madini, na utando unaachia. Vaa glovu, maana yanachoma ngozi, na pakiti iwe mbali na watoto. Maji ya kufulia nayo yachemshe, uyaache yatulie, umimine ya juu taratibu. Ule unga mweupe wa chini uache. Kisha tia magadi kidogo, halafu sabuni kidogo. Mwisho suuza kwa maji ya mvua yenye siki kidogo. Ila siki usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu."

"Maji ya mvua," alisema Mama Beseni polepole. Mbingu ilikuwa kavu tangu mwezi uliopita. Tangi lilikuwa moja tu mtaani.

Fundi Saa alimtazama mkewe. Mama mkwe alimtazama mkwewe. Macho yao yalisema jambo moja.

Alhamisi asubuhi Mama Beseni alisimama dukani kwa Mizani na ndoo mbili. Wateja walikuwa wanne.

"Shikamoo... habari za asubuhi, kaka," alianza. Alikuwa amechanganyikiwa, maana Mizani alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitano.

"Marahaba," alijibu Mizani bila aibu.

"Nimekuja... sabuni yako... samahani," alinong'ona Mama Beseni.

Mizani aliweka kiganja sikioni. "Dada, juzi ulinitukana kwa sauti ya kuuzia samaki. Leo samahani yangu unaileta kwa sauti ya mchwa. Mizani haijakaa sawa."

Wateja wakaafiki kuwa haijakaa sawa. Mama Beseni akavuta pumzi.

"Jamani," alisema, na wapita njia wakageuka, "sabuni ya kaka Mizani ni nzima. Maji ya bomba langu ndiyo magumu, na mimi nilikuwa sijui. Nilimwonea. Namwomba radhi, na namwomba ndoo nne za maji ya mvua."

Mizani akafikiri kidogo, kwa ajili ya heshima yake. "Chukua sita," alisema. "Lakini na mimi nieleze hayo ya ugumu, maana wateja wengi huninunia na sijui kwa nini."

Siku hiyo uani hapakuwa na vita. Makoti yalilowekwa kwenye maji ya moto yenye magadi. Baada ya saa moja, maji yaligeuka kijivu kizito. Mama Beseni aliyamwaga, akatia mengine, yakageuka tena. Alizitazama sabuni zake za miezi mitatu zikienda zao kwenye mtaro.

Ukafika wakati wa kufua. Aliyachemsha maji, akayaacha yatulie, akamimina. Akatia magadi kidogo. Mkono wake wenyewe ukaenda kuchukua kipande cha pili cha sabuni.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake. "Nakuona."

Mkono ukarudi. Kipande kimoja, na wala hakikuisha. Povu likaja, jeupe na jepesi. Lilifika kwenye kifundo cha mkono, likasimama. Mama Beseni alingoja lifike kwenye kiwiko. Halikufika, lakini uchafu wa kwenye kola ulikuwa umeshatoka. Aliigeuza kola mara mbili kuhakikisha. Kisha akaifuta sheria ya kiwiko, kimya kimya, bila kuitisha mkutano.

Wakati makoti yakianikwa, mama mkwe alikuwa akichemsha siki ndani ya birika na kulichungulia kila mara kuona kama meno yameng'oka. Fundi Saa naye aliitengenezea ndoo ya kunywa kifuniko cha mbao kilichoikaa barabara, bila nafasi hata ya unywele, kama kioo cha saa. Kata yenye mpini mrefu aliitundika ukutani. Alipomkuta mama yake akiingiza kikombe kwa mazoea, alimtazama tu. Mama mtu akakirudisha kikombe na kusema alikuwa anakipima.

Ijumaa, Mama Beseni aliyapeleka makoti zahanati akiwa ameyabeba kwa mikono miwili. Msimamizi wa wauguzi alikuwa chumba cha sindano. Alikuwa amevaa koti lake la akiba, nalo lilikuwa la kijivu kuliko yote, kwa kuwa halikuwamo kwenye furushi la Jumanne.

Alilichukua koti la juu, akaenda nalo dirishani. Akalitazama. Akaikunja mikono ya koti, ikakunjika kama kitambaa, si kama boksi. Akalinusa.

"Haya umenunua mapya?"

"Hapana, sista. Angalia mfukoni, kuna doa la kalamu lile lile. Hilo limenishinda."

Msimamizi akaliona doa. "Umetumia sabuni gani?"

"Ile ile."

"Ukaongeza kiasi gani?"

"Nimepunguza."

Msimamizi alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayedai homa imepona kwa kuota jua. "Umepunguza sabuni, na nguo zikawa nyeupe."

"Ndiyo, sista. Kosa lilikuwa la maji, na mimi nilikuwa nayasaidia. Ukiwa na nafasi nitakueleza, nahitaji chupa tatu tu."

Msimamizi alivua koti lake la kijivu. Akavaa lile jeupe, akafunga vifungo vyote, kuanzia cha juu hadi cha chini. Mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi, mkono wa shati umeshapandishwa, aliacha kutazama sindano akatazama koti.

Kisha msimamizi akalikunja lile la kijivu, akaliweka mikononi mwa Mama Beseni.

"Hili lirudi Jumatatu," alisema. "Na uje na mtu wa kukusaidia kubeba. Kuna shuka."